Mfupi nakutana na mrefu ulingoni, naingiaje?

Mbagala165: Wakuu, habari za jioni. Nina sm 165, kilo 66, huu mwaka wa pili nafanya MMA (mapigano mchanganyiko ya ngumi, mateke na mieleka). Mwenzangu ninayepangiwa naye mazoezini ana sm 183, uzito uleule. Kila nikisogea nakutana na ngumi yake ya kushoto. Nikiinama niipite, goti linanisubiri. Jana nimerudi nyumbani na pamba puani. Nina pambano mwezi ujao na mpinzani ni mrefu vilevile. Aliyepitia hili anisaidie.

MwerekaTu: Kamata miguu, angusha. Akiwa chini urefu wake haumsaidii kitu.

BegiLaMchanga: Mkuu MwerekaTu, hapo nakupinga. Mikono mirefu ndiyo inayokaba vizuri. Mimi nina sm 167, na nimepigwa kabali mara nyingi kwa kurukia miguu ya warefu kichwa kikiwa nje. Ukikamata mguu mmoja, kichwa kikae ndani, sikio likandamize kifua chake, shingo imenyooka.

Sasa Mbagala, tatizo lako naliona kwenye maelezo yako. Unasimama pale ngumi yake inapoishia, halafu unafikiria. Hapo ni mahali pake. Wewe una sehemu mbili tu: mbali kabisa asipokufikia, au kifuani kwake. Katikati unapita, hukai.

Kocha wangu alinichorea mistari miwili ya chaki sakafuni, mmoja mwisho wa mkono wake, wa pili mwisho wa wangu. Wiki tatu nilikatazwa kusimama kati ya hiyo mistari. Magoti yaliniuma kwa kuingia na kutoka, lakini nilielewa.

Mtazame Alexander Volkanovski, Mwaustralia, uzito wako huohuo. Ana sm 168. Desemba 2019 alimvua Max Holloway mwenye sm 180 mkanda wa ubingwa wa UFC, shirika kubwa la mapambano ya MMA, kule Las Vegas. Hakuanza na kichwa, alianza na mguu wa mbele. Alimtandika mateke ya chini mpaka Holloway akalazimika kubadili mguu wa mbele. Mtu ambaye mguu unamuuma hapigi ngumi ndefu yenye uzito, maana ngumi hiyo inatoka kwenye mguu. Na kabla ya kuingia alikuwa anampiga chenga: bega linatikisika, ngumi haiji. Mrefu akijibu chenga, mkono wake uko hewani, hapo ndipo unaingia.

Jambo lingine: pima mikono, usiangalie kimo tu. Volkanovski akinyoosha mikono anafika sm 182, anampita Holloway! Chukua futi ya fundi cherehani mpimane.

Ukiingia, pita pembeni, nje ya mguu wake wa mbele, usinyooke kama treni. Piga ini na mbavu kwanza. Na usiiname kiunoni, kunja magoti, macho yabaki kifuani kwake. Ukiinama kiunoni unampelekea uso kwenye goti, ndiyo hiyo pamba.

Mbagala165: Asante sana mkuu. Teke lilenge paja au chini ya goti?

BegiLaMchanga: Shavu la mguu, kwa sababu ni karibu zaidi kwako na yeye ni vigumu kulidaka. Ila usilirushe peke yake, tanguliza ngumi ili macho yake yabaki juu. Na mazoezini vaeni vilinda ugoko wote wawili, mpige nusu nguvu. Mguu ule ukivimba mwenzako hatembei wiki nzima, na wewe unamhitaji hadi siku ya pambano.