Mjadala: Gari dogo jipya la bei nafuu lenye nembo ya MG, ni ununuzi wa maana au tunalipia jina?

Mleta mada

Wakuu, naomba tujadili jambo linalogusa mifuko ya wengi wetu tunaoishi Uingereza. Mtu ameanza kazi, tuseme ya kuhudumia wazee majumbani. Zamu ya asubuhi iko kijiji hiki, ya jioni kijiji kingine, na basi la mwisho limeshapita. Gari ni lazima. Akienda kuulizia gari dogo jipya, bei zinamfukuza duka hadi duka mpaka anafika kwenye MG. Hapo kelele zinaanza. Huyu anamwambia "chukua, hilo ni jina la kale la Waingereza". Yule anamwambia "hilo ni la Mchina, wamebandika stika tu, utauziwa kimeo".

Msimamo wangu: linafaa, kwa masharti, na nembo haimo kwenye masharti hayo.

Nianze na nembo yenyewe maana ndiyo inayowachanganya watu. MG ni Morris Garages, biashara ya magari iliyokuwa Oxford miaka ya 1920, meneja wake akiwa Cecil Kimber. Jina lilikua kwa magari madogo ya michezo. MGB, iliyotoka mwaka 1962, ilitengenezwa zaidi ya 500,000 kabla kiwanda cha Abingdon hakijafungwa mwaka 1980. Kilichofuata ndicho ambacho watu hawakisemi. Mwaka 1982 Waingereza wenyewe waliichukua nembo ile ya pembe nane wakaiweka kwenye Austin Metro, gari la kawaida la kwendea sokoni, wakalitia na mikanda myekundu ili lionekane la michezo. Baadaye Maestro na Montego nazo zikapata nembo hiyo hiyo. Kwa hiyo desturi ya kuhamisha nembo kutoka gari moja kwenda jingine ilianzia Uingereza, miaka mingi kabla Wachina wa Shanghai hawajaingia kwenye hadithi hii.

Na wanaosema "la zamani lilikuwa imara", wakumbuke Rover 100. Lilikuwa ni Metro lile lile limebadilishwa jina, limetengenezwa Uingereza. Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, ilipotoa matokeo yake ya kwanza ya majaribio ya ajali mwaka 1997, Rover 100 lilipata nyota 1 kwa kumlinda mtu mzima, na mwisho wa mwaka huo huo utengenezaji wake ukasimamishwa. Mwenye kutaka kulinda watoto wake hawezi kulilia gari lile.

Sasa CityRover, maana hapa ndipo penye somo lote. Mwaka 2003 kampuni ya MG Rover, iliyokuwa na majina yote mawili, haikuwa na fedha za kubuni gari dogo jipya. Ikachukua Tata Indica linalotengenezwa Pune, India, ikalifanyia marekebisho kidogo, ikaweka nembo ya Rover na kuliuza kuanzia pauni 6,495. Indica halikuwa gari baya kwa kazi yake kule India. Ubaya ulikuwa kwa muuzaji aliyetaka bei inayokaribiana na magari bora kuliko lile, akitegemea jina lizibe pengo. Aprili 2005 kampuni ikaanguka, na wenye magari wakabaki na waranti ya kampuni isiyokuwepo.

Linganisheni na MG ya leo. Mali za MG Rover zilinunuliwa na kampuni ya Kichina ya Nanjing mwaka huo huo wa 2005, kisha Nanjing ikaungana na SAIC, kampuni ya magari ya Shanghai, mwishoni mwa 2007. SAIC inabuni magari yake yenyewe, na ina uwezo wa kusimama nyuma ya waranti. Hiyo ndiyo tofauti, na mtu akiniuliza kwa nini nasema MG3, gari lao dogo, linafaa wakati CityRover halikufaa, jibu langu ni hilo: tazama aliye nyuma ya nembo na alichokuandikia.

Alichokuandikia kwa sasa ni waranti ya miaka 7 au maili 80,000, kinachotangulia. Wenzangu wa zamu za majumbani someni vizuri hapo "kinachotangulia". Ukigawanya, ni kama maili 11,400 kwa mwaka. Anayeendesha maili 20,000 kwa mwaka anaimaliza waranti ndani ya miaka 4, na hapo hesabu ya "miaka 7" inakufa. Kwake yeye siwezi kusema chukua bila kufikiri.

Sharti jingine ni nyota za usalama, na nyota zinahesabiwa kwa kila gari na kila toleo. MG3 la kwanza, lililouzwa kuanzia pauni 8,399 mwaka 2013, lilipata nyota 3 kati ya 5. MG ZS la mwaka 2017 nalo 3. ZS la umeme la 2019 likapata 5, MG4 la 2022 likapata 5. Na Australia mwaka 2023, MG5 iliyokuwa ikiuzwa huko, ambayo siyo MG5 ya Uingereza, ilipata sifuri. Sifuri kamili! Nembo moja, kampuni moja, mwaka mmoja baada ya MG4 kupata 5. Anayeniambia "MG ni salama" au "MG si salama" bado hajaniambia kitu.

Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji, Reading

Mleta mada umeandika vizuri ila umemruka mshindani mkubwa: Toyota Yaris haibridi (ya petroli na umeme pamoja) ya mtumba, miaka 4 hivi. Umeng'ang'ania waranti kana kwamba ni ya gari jipya peke yake. Toyota hapa Uingereza, kila ukifanya sevisi kwa wakala wao wanakupa waranti ya miezi 12 au maili 10,000, na inaendelea hivyo mpaka gari lifikishe miaka 10 au maili 100,000. Hata kama ulilinunua mtumba. Mtu wa kwanza ameshakula hasara ya thamani kushuka, wewe unaingia bei ikiwa imetulia.

Halafu kama kinachokuvutia ni miaka 7, Kia wanatoa miaka 7 na maili 100,000, zaidi ya hizo 80,000 zako. Sasa MG inabaki na nini? Tena hebu tazama bei. MG3 la 2013 lilikuwa 8,399. MG3 haibridi la 2024 lilianzia 18,495. Miaka 11, bei imezidi mara mbili. Huo unafuu mnaouimba ulikuwa wa gari lile la zamani lenye nyota 3.

Mchangiaji, Birmingham

Ndugu zangu, mimi nakaa Northfield, jirani na Longbridge kilipokuwa kiwanda cha MG Rover, na naomba nitofautiane na mleta mada kwa upande mwingine kabisa.

Aprili 2005 watu kama 6,000 walipoteza kazi kiwandani, na hapo hujahesabu waliokuwa wakiuza vifaa kwa kiwanda, wenye migahawa, wenye nyumba za kupangisha. Wapo wazee hapa mtaani waliofanya kazi pale wao na baba zao. Wachina walipoanza kuunganisha MG TF pale Longbridge mwaka 2008, watu walipata matumaini. Ikaja MG6 mwaka 2011, kisha MG3. Mwaka 2016 wakafunga uunganishaji, magari yakawa yanakuja kwa meli yakiwa kamili. Sehemu kubwa ya eneo la kiwanda sasa ni maduka, nyumba na chuo.

Kwa hiyo mtu anaponiambia ananunua MG "kuunga mkono gari la Uingereza", inaniuma. Anayetaka fedha yake ibaki kwenye mishahara ya watu wa hapa, Nissan wanatengeneza Qashqai na Juke pale Sunderland, Toyota wanatengeneza Corolla pale Burnaston. Mini nayo inatengenezwa Cowley chini ya BMW, ingawa ile si ya bei nafuu. Majina mawili ya Kijapani yanalisha familia nyingi za Kiingereza kuliko MG. Jina lilirudi, kazi hazikurudi, na muuzaji bado anapeperusha bendera kwenye tangazo. Hilo mimi naliita kumdanganya mteja.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Swali fupi wakuu. Wengi mnaoishi huko mnawaza kurudi na gari, maana usukani uko kulia kama kwetu. Je, mkilileta huku, fundi wa mtaani atapata wapi spea za haibridi ya MG? Yaris na Vitz spea zipo mpaka wilayani. Na wa Kenya kumbukeni, gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa, kwa hiyo ukisema ulitumie miaka yote 7 ya waranti ndipo ulisafirishe, muda umeshakubana.

Mleta mada

Nianze na mkuu wa Dar kwa kuwa hapo hatuna ubishi. Mwenye nia ya kurudi na gari asinunue MG. Anunue Toyota na mjadala huu aupite. Mimi nazungumzia gari litakaloishia Uingereza.

Kaka wa Birmingham, kuhusu kazi na bendera niko nawe, na wala sioni kama umenipinga. Nimesema nembo haimo kwenye masharti yangu, wewe umeeleza sababu nzito kuliko zangu. Ila tuwataje wote wanaostahili lawama. BMW waliiuza Rover kwa pauni 10 mwaka 2000 kwa kundi la wafanyabiashara Waingereza. Ripoti ya wachunguzi wa serikali iliyotoka 2009 ilionyesha kuwa vigogo watano wa kampuni walijilipa mishahara na pensheni za jumla ya pauni milioni 42 wakati kampuni inazama. Wafanyakazi 6,000 waliangushwa kabla Mchina hajashika ufunguo wa lile geti. Namdai SAIC kwa kufunga 2016. Simdai ya 2005.

Mkuu wa Reading ndiye aliyenibana. Hoja ya Kia naikubali: anayeendesha maili nyingi, zile 100,000 zina thamani kubwa kwake na aende akalinganishe. Hoja ya Yaris pia ni nzuri kama gari lina historia kamili ya sevisi. Lakini tazama upande wa mkopo, maana wengi wetu hatununui kwa mkupuo. Kwenye gari jipya mtengenezaji mara nyingi hutoa mkopo wa riba ndogo, wakati mwingine bila riba kabisa. Kwenye mtumba unakopa kwa riba ya kawaida, na mtu aliyeingia nchini juzi hana historia ya mikopo, kwa hiyo riba yake inapanda zaidi. Mara nyingine pengo la bei kati ya mtumba na jipya linaliwa lote na riba. Chukueni karatasi zote mbili, jumlisheni malipo ya mwezi mpaka senti ya mwisho, ndipo mseme lipi la bei chee.

Ila ogopeni ule mkopo wa malipo madogo ya mwezi wenye donge kubwa mwishoni. Miaka 3 au 4 ikiisha unatakiwa ulipe donge hilo au urudishe gari. Ukirudisha, ile miaka 7 ya waranti niliyoipigia debe imemnufaisha mwingine. Hoja yangu nzima inasimama kwa anayelimiliki gari na kukaa nalo.

Kuhusu bei kuzidi mara mbili, ni kweli, lakini MG3 hilo la 2024 ni haibridi yenye nguvu farasi zaidi ya 190, haichomekwi kwenye umeme, na vifaa vyake vya usalama havikuwepo kwenye lile la 2013. Kama mtu hahitaji nguvu zote hizo, na wengi hatuzihitaji kwa safari za kijiji hadi kijiji, basi analipia asichotumia, na hilo ni kosa la kampuni kwa wateja waliolijenga jina hili upya. Gari dogo, jepesi, la injini ndogo, lenye nyota za kutosha na waranti ile ile, ndilo tunalolihitaji, na sijaliona kwenye duka lao.

Sasa naomba wenye ushahidi. Aliye na MG3 au ZS ambalo waranti yake imekwisha tayari, aje atuambie ametengeneza nini tangu hapo na amelipa pauni ngapi. Waranti ikiwa hai kila mtu anasifia gari lake. Nataka kusikia kutoka kwa wale wanaolipa wenyewe.