Koili laini ya MRI kwa kifundo cha mkono na vidole: shaba, koaksia au metali ya majimaji?

Fundi_RF: Wakuu, natengeneza koili ya kupokea, yaani antena ya kunasa mawimbi yanayotoka mwilini, kwa mashine ya MRI (inayopiga picha za mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio) yenye sumaku ya Tesla 3, masafa ya MHz 128 hivi. Nataka ivalike, hata mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi aingie bila kuumia. Nimebaki na njia tatu: shaba ya nyuzi iliyoshonwa kwenye kitambaa, koaksia (kebo yenye waya wa ndani uliozungukwa na ngao ya metali), au mrija wa silikoni wenye metali ya majimaji, aloi ya galiamu na indiamu. Mngechukua ipi?

Mama_Sumaku: Mrija uache. Unavutika vizuri, ila aloi hiyo inapitisha umeme kama mara 17 chini ya shaba. Kwenye koili kubwa ya tumbo hasara hiyo inamezwa na kelele (mawimbi yasiyotakiwa yanayochafua picha) ya mwili wenyewe. Duara la waya la sm 3 juu ya kidole linagusa nyama kidogo mno, kwa hiyo kelele ya waya ndiyo inatawala. Pima Q (ikiwa juu, koili inapoteza nishati kidogo) koili ikiwa tupu, kisha mkono ukiwa ndani. Zikikaribiana, mgonjwa hana kosa.

kipima_Q: Kweli, ila shaba nayo ina lake. Tangu utafiti wa Roemer na wenzake, 1990, maduara tunayalaza yakipandana, vituo vikiachana robo tatu ya kipenyo, ili yasiingiliane. Kunja mkono uone hesabu hiyo inavyovurugika! Glovu ya watafiti wa New York University, 2018, ilikwepa hilo kwa koaksia yenye mkato kwenye ngao na mwingine kwenye waya wa ndani. Impidensi (ukinzani dhidi ya mkondo wa masafa hayo) inapanda, mkondo haupiti kwa urahisi, jirani hasumbuliwi. Walipiga picha mkono ukisogea.

Fundi_RF: Kwa hiyo koaksia, mkuu?

kipima_Q: Kwa kifundo, ndiyo. Kidoleni utahangaika, maana urefu wa kebo ndio unaoamua masafa. Duara dogo litakulazimu kuizungusha zaidi ya mara moja.

Rediografa_zamu: Samahani wahandisi, huku kwetu mkono hausogei. Kwa gegedu na kano tunamwomba mgonjwa atulie dakika kadhaa, na koili laini tupu haimshiki. Wekeni bamba gumu chini. Halafu hicho kitambaa nitakifuta kwa dawa vipi?

Mama_Sumaku: Dada kasema. Kifunike kwa silikoni. Na kabla ya kuingiza mkono wa mtu, kila duara liwe na daiodi (swichi ndogo ya kielektroniki) ya kulizima mashine inaporusha mawimbi, pamoja na fyuzi. Duara lisilozimika linaweza kuchoma ngozi.