Kambale wa njano mwenye mabaka meusi, Mtera: ni ugonjwa, ni maji, au kazaliwa hivyo?

MshipiWaKulaza
Habari wakuu. Naomba msaada wa kumtambua kambale aliyetoka Bwawa la Mtera alfajiri ya leo kwa mshipi wa kulaza chini, chambo maini ya kuku. Urefu sm 62, uzito kilo 1.8. Ngozi ni njano iliyopauka, kama ganda la ndizi iliyoanza kuiva. Ana baka jeusi kubwa kuanzia kisogoni hadi mwanzo wa pezi la mgongoni, mengine matatu ubavu wa kushoto, na kulia moja tu karibu na mkia. Tumbo jeupe. Ndevu zote nne za kushoto ni nyeupe. Za kulia tatu nyeupe, moja nyeusi. Kambale wengine wa hapo hapo ni wa kijivu cha kawaida.

Bado yuko hai. Huyu ni albino? Anaumwa? Analika? Na nikitaka kumweka kwenye kumbukumbu vizuri, nipime nini?

NgoziNaGamba
Anza na jicho, mkuu. Mtazame kwenye mwanga wa mchana. Mboni ikiwa nyekundu au pinki, mwili hautengenezi melanini (rangi nyeusi ya ngozi na jicho) popote, hata nyuma ya jicho, ndiyo maana damu inaonekana. Huyo ndiye albino. Lakini albino kamili hana baka jeusi hata moja, kwa hiyo wa kwako nimeshamtoa kundi hilo. Jicho nalitaka kwa jambo jingine: likiwa jeusi la kawaida, maana yake melanini inatengenezwa, ila seli zinazoibeba hazikufika kwenye sehemu fulani za ngozi, au zilifika zikafa.

Seli hizo huanzia mgongoni mwa kiinitete, juu ya uti wa mgongo, kisha husafiri kushuka mbavuni, kila ubavu na msafara wake. Ndiyo sababu mabaka ya kushoto hayalingani na ya kulia, na ndiyo sababu ndevu moja imepata rangi na wenzake wamekosa. Hiyo ndevu moja nyeusi ndiyo imenishawishi kuliko baka la kisogoni. Ugonjwa hauchagui ndevu namna hiyo.

Njano inatoka kwenye seli nyingine kabisa. Kambale wa kawaida anazo pia, ila weusi unazifunika. Weusi ukikosekana, njano inajitokeza. Kinyume chake nacho kipo: samaki wa kijani akikosa seli za njano huonekana wa bluu, kwa kuwa kijani chake kilikuwa njano iliyolala juu ya bluu inayoakisiwa na guanini, fuwele ndogo za kung'aa zilizo ngozini. Basi hata samaki wa bluu anayeshangaza watu huwa amepungukiwa rangi moja, hakuongezewa.

Baada ya jicho, kingo. Lowesha kidole, upitishe kutoka kwenye njano kwenda kwenye nyeusi. Ngozi ikiwa laini sawasawa na utelezi haukatiki, hiyo ni rangi. Ukihisi ukingo umeinuka, umekwaruzika au utelezi umekatika, tunaongea habari ya kidonda.

PipaNusu
Naongezea tahadhari moja kabla hujatangaza chochote. Kambale hubadilika rangi baada ya kuvuliwa. Akitoka kwenye tope la giza akakaa kwenye mwanga, hupauka. Akihangaishwa, hutoa madoa ya weusi na weupe mwili mzima kama marumaru. Picha nyingi za "kambale wa ajabu" ni hayo marumaru tu, na akitulia yanafutika.

Jaribio lake ni rahisi. Ndoo ya lita 20 ni fupi kwa samaki wa sm 62, atajikunja na kuendelea kuhangaika. Chukua pipa la plastiki la lita 200 lililokatwa kwa urefu, tandika nailoni nyeusi, jaza maji ya bwawa hilo hilo kina cha sm 15 hadi 20. Maji ya bomba yenye klorini yataharibu utelezi. Kambale hupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo usijaze hadi ukingoni; funika na gunia lililoloweshwa, lifungwe, maana huruka. Muache saa moja, piga picha. Kisha toa nailoni nyeusi, weka kiroba cheupe chini, saa moja nyingine, picha tena.

Rangi ya maji na hofu itakolea kwenye nailoni nyeusi na kupauka kwenye kiroba. Rangi ya kuzaliwa inabaki palepale: mabaka meusi yanaweza kukolea au kufifia kidogo, lakini mipaka haisogei na njano haigeuki kijivu.

Kwenye picha, kaa kivulini, zima flashi, weka karatasi nyeupe na rula pembeni ya samaki ndani ya picha hiyo hiyo. Karatasi ndiyo itakayowezesha mtu kusahihisha rangi baadaye. Jua la asubuhi hufanya kila kitu kiwe cha dhahabu. Piga kushoto, kulia, kichwa kutoka juu, tumbo, na jicho kwa karibu. Fanya yote akiwa hai. Samaki akifa, mishipa ya fahamu haiziongozi tena seli za rangi, na akikaa kwenye barafu utelezi unageuka mweupe. Picha ya samaki wa kwenye barafu haithibitishi rangi.

Mwiba wa pezi la kifuani unachoma na unakaza ukisimama. Mshike nyuma ya mapezi hayo, si juu yake.

TrautiYaMlimani
Kutoka huku Nyeri. Mabaka ni mada moja, ila samaki aliyebadilika mwili mzima husomwa tofauti, na trauti, samaki wa mito baridi ya milimani, ndio wanafundisha vizuri. Trauti wa kahawia waliletwa Kenya mwaka 1905, wa upinde wa mvua mwaka 1910. Mbegu ni ileile, lakini anayeishi kwenye kijito chenye kivuli cha msitu huwa mweusi wenye madoa makali, na anayeishi kwenye bwawa la wazi huwa wa fedha, madoa yamefifia. Jicho linasoma mwanga wa chini na wa juu, ubongo unaamuru seli za weusi zitanuke au zijikunje.

Sasa jicho likifa, amri hiyo inapotea. Trauti kipofu wa macho yote mawili huwa mweusi tii hata kwenye changarawe nyeupe. Ukipata samaki mmoja mweusi kati ya kundi la wa fedha, kagua macho kwanza: ukungu, mtoto wa jicho, minyoo midogo ndani ya lenzi. Na weusi ukianzia mahali fulani ukaenda hadi mkiani kama soksi, shuku mshipa wa fahamu. Vifaranga wa trauti wenye ugonjwa wa kizunguzungu huwa na mkia mweusi kwa sababu hiyo: kimelea hula gegedu ya uti wa mgongo na mishipa inayoongoza rangi inabanwa.

Na wanaouliza kuhusu trauti wa dhahabu wa kwenye picha za Marekani, hao ni wawili tofauti. Yupo wa milimani California, ambaye dhahabu ni rangi yake ya asili. Yule wa njano mwili mzima ametokana na kifaranga mmoja wa upinde wa mvua aliyeonekana na mabaka ya njano kwenye kituo cha kuzalisha samaki West Virginia mwaka 1955. Wakamzalisha, na mwaka 1963 jimbo lilipotimiza miaka 100 wakaanza kuwapandikiza mitoni.

FundiBwawa
Upande wa magonjwa, haya ndiyo yanayofanana na mabaka, na namna ya kuyakataa.

Weupe wa kijivu kama tandiko mgongoni, ukingo una njano chafu na unachanika: kolumnarisi, bakteria wa maji ya joto. Hupenda samaki aliyekwaruzwa na wavu. Weupe unaopeperuka kama pamba akiwa majini: kuvu, na juu ya nchi kavu hulala chini ukaonekana kama ute tu, kwa hiyo mrudishe majini uangalie. Wekundu unaozama na kuwa shimo: vidonda. Samaki wa Zambezi na Chobe walikumbwa na ugonjwa wa vidonda vya kuvu mwaka 2006 na 2007, na kambale walikuwemo. Vichembe vyeusi vidogo vilivyoinuka, ukikwangua kwa ukucha havitoki: vifuko vya minyoo inayozunguka kati ya ndege, konokono na samaki, sato hupata sana. Njano ya tumboni inayoingia hadi kwenye mafuta ya ndani ukimpasua: shida ya ini, zaidi kwa samaki wa kufugwa wanaolishwa utumbo uliooza.

Kuhusu kula: kukosa melanini hakuweki sumu yoyote kwenye nyama. Asiye na kidonda analika kama mwenzake, apikwe hadi katikati pawe peupe na painuke kwenye mfupa. Mwenye vidonda vilivyozama usimle, wala usimrudishe bwawani. Mfukie mbali na maji.

MshipiWaKulaza
Nashukuru sana. Jicho ni jeusi, yote mawili. Kidole kinapita bila kukwama. Saa moja kwenye nailoni na saa moja kwenye kiroba, mipaka ya mabaka haijasogea hata kidogo. Nina bwawa dogo la kufugia: nikimzalisha nitapata wa njano wengine? Na inakuwaje amefika ukubwa huu akiwa anang'aa namna hii?

NgoziNaGamba
Basi ni wa mabaka ya kuzaliwa, suala limefungwa. Ukubwa wake unaelezeka kwa tope la Mtera na kutembea usiku: furukombe hamwoni. Kwenye maji maangavu asingefika. Kusini mwa Florida, kambale wa Asia waliotoroka kwenye mabwawa ya biashara miaka ya 1960 wengi walikuwa albino, lakini waliotapakaa huko leo ni wa rangi nyeusi.

Kuzalisha si uhakika. Mabaka yasiyolingana mara nyingi ni ajali ya ukuaji na hayarithiwi. Ikiwa ni jeni fiche, yaani inayoonekana tu ikirithiwa kwa baba na mama wote, ukimpandisha na wa kawaida watoto wote watatoka wa kijivu. Itabidi uwakuze hao hadi wapevuke na kuwapandisha ndugu kwa ndugu, ndipo takriban mmoja kati ya wanne atoke na rangi. Tazama kwanza nyuma ya tundu la haja: kijichuchu kirefu chenye ncha ni dume, cha duara ni jike. Jike hukamuliwa mayai akabaki hai. Dume la kambale halikamuliki, mbegu hupatikana kwa kulipasua, kwa hiyo akiwa dume utampoteza kwa kubahatisha.

FundiBwawa
Akiwa dume, ningemrudisha leo kabla jua halijawa kali. Kabla ya hapo kata kipande cha pezi la mkia cha sm 1 kwa mkasi uliopitishwa kwenye spiriti, kitie kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 95, kioevu kiwe mara kumi ya kipande. Andika kwa penseli kwenye karatasi na uiweke ndani ya kichupa, maana wino wa kalamu utayeyuka: tarehe, eneo la bwawa, kina, urefu, uzito, jinsia. Peleka na picha zote TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania. Na watoto watakaozaliwa kwenye bwawa lako, wa njano au wa kijivu, wasiachiwe Mtera.