Naomba ushauri: ADSL (intaneti ya kasi kupitia waya wa simu) kwenye laini ya simu ya mezani, umbali kama kilomita 4 toka kituo cha simu

Wakuu habari za mchana. Nimehamia nyumba ya marehemu babu hapa Tanga, ina laini ya simu ya mezani, ule waya wa shaba, na ukinyanyua mkonga mlio bado upo. Kabatini nimekuta modemu mbili, moja ni ile ya kudayo, inayopiga namba ya simu ndo iunge intaneti, ya 56 kbps (mnaikumbuka, inalia kama paka kabanwa na mlango, na mama akitaka kupiga simu intaneti unaikata), nyingine ya ADSL.

Jirani ananikomalia eti ISDN (huduma ya zamani ya dijitali kwenye waya huohuo wa simu) ndo ilikuwa mwisho wa matatizo kwa vile ni dijitali, ila chaneli mbili za 64 kbps ukiziunganisha si unapata 128 kbps tu jamani, wakati ADSL2+, toleo la baadaye la ADSL, inafika mpaka 24 Mbps na simu unapiga huku unaperuzi, ukifunga tu kile kichujio cha kutenganisha sauti ya simu na intaneti.

Shida umbali, nasikia waya ukirefuka spidi inashuka, halafu mvua ikinyesha laini inakwaruza. Kuna aliyetumia ADSL umbali huu akapata ngapi? Nibadili kwanza waya wa ndani, au niachane nayo ninunue rauta ya kuweka laini ya simu ya mkononi? Kazi yangu kubwa ni Zoom mara moja kwa wiki.