XLR au RCA: mvumo kwenye spika za studio zenye amplifaya ndani

Mpenda_Besi:
Wakuu, habari za jioni. Nina DAC (kifaa cha kugeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi) yenye matundu ya RCA (plagi ya kawaida yenye pini moja ya katikati na ganda) na XLR (plagi ya pini tatu), na spika za studio zinazopokea zote mbili. Sasa natumia RCA, mita 6 kila upande. King'amuzi kimeingia kwenye DAC kwa waya wa dijitali wa koaksio. Kuna mvumo mzito wa chini, na nikipunguza sauti haupungui. Nikihamia XLR utaisha? Sauti nayo itakuwa bora? Pia nina amplifaya ya zamani ya RCA tu; waya wa kutoka XLR kwenda RCA unaungwaje?

Fundi_Lehemu:
Mkuu, kwenye RCA wavu wa nje unafanya kazi mbili: unakinga waya, na pia ndiyo njia ya kurudishia sauti. Mkondo wa athi (waya wa usalama unaoenda ardhini) ukipita humo, unaongezeka juu ya muziki. Miliampi 10 kwenye wavu wenye ukinzani wa omu 0.1 zinatoa milivolti 1. Kwa sauti ya volti 2 hiyo ni dB 66 (desibeli, kipimo cha tofauti ya sauti) tu chini, na chumba kikiwa kimya utaisikia.

Kwenye XLR sauti iko pini 2 na 3, wavu uko pini 1. Spika inachukua tofauti ya 2 na 3, kwa hiyo kelele iliyoingia sawasawa kwenye zote mbili inafutika. Muhimu ni impidansi (ukinzani kwa mawimbi ya sauti) ya pini 2 na 3 kuwa sawa; hata pini 3 isipobeba sauti kabisa, kelele bado inafutwa.

Kuhusu ubora, jihadhari. DAC nyingi za nyumbani hutoa volti 2 kwa RCA na 4 kwa XLR, yaani dB 6 zaidi. Chenye sauti kubwa husikika kizuri. Shusha dB 6 kwanza ndipo ulinganishe.

Athi_Kwanza:
Kabla ya kununua waya, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mvumo ukikata, mzunguko wa athi unapitia kwenye nguzo ya dishi na kurudi kwa athi ya plagi za spika.

Tafadhali usikate pini ya athi kwenye plagi. Mvumo utaondoka, ila siku waya wa moto ukigusa bodi ya spika, fyuzi haitaungua na bodi itabaki na umeme.

Fundi_Lehemu:
Swali la amplifaya: kama DAC ina RCA yake, tumia hiyo. XLR kwenda RCA haikupi faida yoyote. Ukilazimika, pini 2 iende katikati ya RCA, pini 1 kwenye ganda. Pini 3 iache wazi ikiwa DAC ina opamp (chipu ndogo za kukuza sauti) mbili tofauti kwenye kutolea, moja kwa pini 2 na nyingine kwa pini 3. Ukiifunga na pini 1, opamp moja inafanya kazi kwenye shoti, inapata joto na kukwaruza sauti. Ikiwa ni transfoma, hapo ndipo 3 inaungwa na 1. Soma kitabu cha mashine.

Kinyume chake, RCA ya DAC kwenda XLR ya spika, kinafaa sana. Tumia waya wa nyuzi mbili na wavu: uzi mmoja kutoka katikati ya RCA kwenda pini 2, wa pili kutoka ganda la RCA kwenda pini 3, wavu pini 1. Upande wa RCA, lehemu wavu na uzi wa pili pamoja kwenye ganda.

Mpenda_Besi:
Nimechomoa dishi, kimya kabisa. Niweke kitenganishi (kifaa cha kukata njia ya athi) kwenye waya wa dishi?

Athi_Kwanza:
Vingi vya aina hiyo vinazuia umeme wa DC, na LNB (kichwa cha kupokea mawimbi kwenye dishi) inaishi kwa umeme huo huo, picha itapotea. Peleka king'amuzi kwa TV kwa HDMI, kisha TV kwenda DAC kwa waya wa optiko. Huo hupitisha mwanga tu, athi haina njia. Kwenye mipangilio ya TV weka sauti ya dijitali kuwa PCM (sauti isiyobanwa), maana DAC ya stereo haifungui Dolby Digital (sauti iliyobanwa). Ukiiacha kwenye Dolby Digital utapata kimya au mchakacho.