RAV4 ya 2002 gia zinapiga teke, naambiwa kontroo boksi imekufa, ninunue?

Mtoto wa Nzuguni
Wakuu habari za jioni. Nina RAV4 ya 2002, milango mitano, injini 1AZ, otomatiki, fowili. Huu mwaka wa sita niko nayo haijawahi kunisumbua zaidi ya bushi na shokapu, barabara zetu za mtaani mnazijua. Sasa tangu mvua za mwezi wa kwanza zianze imeanza vituko, asubuhi naiwasha iko freshi, nikikaribia Ihumwa hapa Dodoma ikishapata moto inabadilisha gia kwa teke, yaani moja kwenda mbili utadhani kuna mtu kakugonga kwa nyuma, halafu taa ya cheki injini inawaka. Nikizima nikakaa dakika kumi nikawasha inakuwa nzima kama haijawahi kuumwa. Jumapili nilikuwa naenda kumwona mama Manyoni, nimeshapita Bahi pale pa kupanda mlima gari ikang'ang'ania gia moja haibadilishi, nimepanda na spidi 40 malori yananipigia honi mpaka aibu.

Nikapeleka kupima kwa mashine, zikatoka kodi za hitilafu P0753 na P0758. Fundi wa kwanza kasema giaboksi imekufa, tutafute nyingine, milioni na ushee. Wa pili kasema giaboksi nzima ila kontroo boksi, ile kompyuta ya gari, ndo imekufa, anayo ya mtumba laki nne na nusu na anataka nusu leo leo. Nimwamini yupi? Na hiyo boksi unabadilisha tu kama betri au mpaka kuprogramu?

Fundi Waya
Mkuu usitoe hata mia kwanza. Hizo kodi hazijasema giaboksi imekufa wala hazijasema boksi imekufa, zinasema boksi ikipeleka umeme kwenye solenoidi A na B, yaani vali za umeme zinazobadilisha gia, haipati jibu inalolitegemea. Shida inaweza ikawa solenoidi zenyewe zilizo ndani ya giaboksi, inaweza ikawa waya au soketi hapo katikati, na ndo mwisho kabisa unaifikiria boksi. Watu wanaanzia mwisho kwa sababu boksi ndo ina hela.

Fanya hivi. Zima gari, chomoa ile soketi ya waya zinazoingia kwenye giaboksi, weka mita kwenye omu upime solenoidi moja moja. Za gari kama yako niliyoipima mimi zilisoma 5.3 na 5.4. Ukiona sifuri au mita haisomi kitu, solenoidi hiyo imekwenda, na hiyo inabadilishwa bila kununua giaboksi nzima. Pima ikiwa baridi halafu katembee irudi na moto wake upime tena, maana yako inaumwa ikiwa ya moto na ukiipima asubuhi tu itakudanganya. Kisha rudisha soketi ya chini, chomoa ya juu inayoingia kontroo boksi, upime solenoidi hizo hizo ukiwa huko juu. Chini iko sawa na juu haiko sawa, basi waya, na mimi nimekuta panya kakata waya za watu zaidi ya mara moja, hasa gari zinazolala karibu na stoo ya mahindi. Juu na chini zikilingana, baridi na moto, hapo tutaongea habari ya boksi.

Na kuhusu hilo teke, ni gari inajilinda. Solenoidi ya presha ikikatiwa umeme presha ya oili ndani inapanda mpaka mwisho ili klachi zisiteleze, ndo maana zinashika kwa kishindo. Sasa usiizoee, ukiendesha hivyo miezi kadhaa klachi za ndani zitaisha na fundi wako wa kwanza atakuwa kasema kweli.

Dada wa Kisasa
Yalinikuta hayo hayo kaka yangu, mimi nikamwamini wa kwanza. Nikafunga giaboksi nyingine kutoka Dar, siku ya tatu na yenyewe ikaanza mateke, ndo wakakuna vichwa kumbe boksi. Kuuliza giaboksi yangu ya zamani iko wapi, wameshaiuza. Bado naumia.

Umesema imeanza na mvua. Kioo cha mbele umewahi kubadilisha?

Mtoto wa Nzuguni
Dada umejuaje? Nilibadilisha mwezi wa nane, jiwe la lori.

Dada wa Kisasa
Kioo kikibandikwa vibaya maji ya mvua yanapenya mpaka kwenye boksi. Fungua droo la dashibodi la upande wa abiria, boksi iko nyuma yake. Shika na zulia la chini kama lina unyevu.

Babu Makole
Mbukwenyi. Vijana siku hizi bila tableti ya kupimia hawafungui boneti. Zamani kwenye Toyota za miaka ya 90 tulikuwa tunaunga pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia kwa kipande cha waya tunahesabu taa ya OD (ovadraivu) kwenye dashibodi inavyopepesa, ikipiga 62 au 63 unajua ni solenoidi ya kwanza au ya pili, bure kabisa.

Mwanangu, ikifika kwenye kununua, gari yako haina boksi ya gia peke yake, ni moja inaendesha injini na gia pamoja, kwa hiyo ukikosea injini nayo itakusumbua. Usinunue kwa kuangalia umbo. Soma stika, namba inaanza na 89661, zinazofuata zote zilingane na za kwako mpaka ya mwisho. Kama ufunguo wako una chipu, boksi ya gari nyingine haitawasha mpaka fundi aioanishe na funguo. Hauna chipu, unachomoa terminali ya betri, unafunga, unaondoka, na gia zitakuwa ngeni kidogo siku za mwanzo. RAV4 za 2001 mpaka 2003 kule Marekani ziliongezewa dhamana ya hiyo boksi mpaka miaka 10 au maili 150,000 kwa teke hilo hilo, kwa hiyo boksi kufa siyo hadithi. Ila hata ukifunga mpya kabisa, maji yakiingia itakufa tu.

Mtoto wa Nzuguni
Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa wiki mbili. Solenoidi zimesoma 5.2 na 5.4 ikiwa baridi, ikiwa ya moto zimepanda kidogo tu, chini na juu sawa. Zulia lilikuwa limelowa mpaka linanuka, na kufungua boksi pini zina kutu ya kijani, ndani kuna alama ya maji imekauka kwenye kona. Nikampelekea fundi mmoja wa redio na tivii, kaisafisha kwa spiriti, kachomea upya sehemu kama nne hivi, kaniambia ikae siku nzima ikauke ndo nifunge. Elfu sitini. Kioo wamekitoa na kukibandika upya. Nimeenda Manyoni nikarudi, haijapiga hata mara moja, mlima nimepanda nasikiliza redio. Yule wa laki nne na nusu bado ananipigia simu.

Fundi Waya
Safi. Piga picha ya stika uwe nayo kwenye simu, boksi ikishalowa mara moja siiamini moja kwa moja.

Babu Makole
Na usingoje mvua ikupimie. Mwaga ndoo ya maji juu ya kioo, mtu akae ndani na tochi.

Mtoto wa Nzuguni
Nimemkalisha dogo ndani sasa hivi, namwagia. Anasema pakavu. Ngoja, anasema nisubiri kwanza.