Hawa Wakorea wametuteka vipi?

Mama Saluni, Umoja:
Jamani, mimi nasuka nywele hapa Umoja. Zamani runinga ya saluni ilikuwa ya tamthilia za Wafilipino na Wameksiko. Siku hizi nikigusa rimoti tu, mteja anageuka na kichwa nusu kimesukwa: "Rudisha Wakorea!" Jana binti mmoja alilia mpaka nikaweka kitana chini nikamtafutia tishu. Walitufikiaje?

Fundi Simu:
Hawakuanza jana, dada. Tamthilia yao Winter Sonata ilitoka 2002, mwaka uliofuata NHK, runinga ya umma ya Japani, ikaionyesha huko, na baadaye Wajapani wakafurika Korea kuona ilikorekodiwa. Squid Game ikaja Septemba 2021, ikazoa tuzo sita za runinga za Emmy 2022. Mwaka 2023 Netflix ikaahidi Korea dola bilioni 2.5 kwa miaka minne. Pesa hiyo inaonekana mpaka kwenye taa.

Shangazi wa Buruburu:
Mimi nazipendea kuisha. Nyingi vipindi 16, basi. Zile za Meksiko zilinizeesha.

Mama Saluni, Umoja:
Hapo umesema, shangazi. Halafu yule mama mkwe wa Kikorea akikunja uso, namwona wangu wa Murang'a mtupu! (Asione hapa.)